Trela Iliyotikisa Mkia

Kwenye njia ya murram ya shamba moja kule Kitengela, kasi ikiwa kilomita 50 kwa saa, trela yangu ilianza kutikisa mkia. Mwanzoni kidogo tu, kama mbwa aliyemwona mwenyewe. Mara kioo cha kushoto kikaonyesha ncha ya mtumbwi, ncha ikapotea, ikatokea kwenye kioo cha kulia. Usukani ukaanza kunichezea mikononi. Mama watoto alikuwa kando yangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba watoto, punguza," kwa sauti ile anayoitumia mtoto akishika kisu. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani wima bila kuifukuzia trela kulia na kushoto, na baada ya mwendo mfupi ikatulia yenyewe.

La kutoifukuzia nilikuwa nimelisikia zamani kwa madereva wa malori, na siku ile lilituokoa. Ukikanyaga breki kwa pupa, gari hupungua kasi kabla ya trela, trela inalisukuma kutoka nyuma, na mkia unazidi kucheza. Ukizungusha usukani kuikamata, unachelewa nusu sekunde kila mara, na huko kuchelewa ndiko kunakouongezea mkia nguvu.

Kilichoniumiza kichwa ni kwamba saa moja kabla ya hapo, trela ile ile, mtumbwi ule ule, njia ile ile, nilikuwa nimekwenda kilomita 60 kwa saa nikiwa peke yangu na imetulia kama iko relini. Kati ya mizunguko hiyo miwili kilibadilika kitu kimoja tu. Sikukiona kwa sababu kilikuwa chakula cha mchana.

Nianze na mtumbwi. Niliuunda kwa plaiwudi ya milimita 6, kwenye baraza letu South C, kwa mtindo wa kutoboa vitundu kando ya mbao, kuzishona kwa waya wa shaba, kisha kuziba mishono kwa gundi ngumu na kitambaa cha nyuzi za kioo. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Mombasa kutibiwa macho, aliutazama siku mbili bila neno, siku ya tatu akasema, "Kumbe mnashona mtepe." Hakukosea sana. Mitepe ya pwani ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi karne nyingi kabla ya mtu yeyote kufikiria gundi ya dukani. Ulipokauka ulikuwa na urefu wa mita 4.8 na uzito wa kilo 38.

South C haina maji ya kuelea. Bwawa la Nairobi liko karibu, na zamani watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga pale, lakini gugu maji na uchafu vimelimaliza. Mtumbwi ulikuwa wa Naivasha, karibu kilomita 90 kutoka mjini, na swali likawa ni namna ya kuufikisha.

Jibu la busara lilikuwa kuufunga juu ya gari. Nakiri hivyo bila kulazimishwa. Kilo 38 si uzito wa kutisha na keria ingegharimu sehemu ndogo ya nilichotumia. Lakini mgongo wangu una historia yake, mama watoto hafiki kwenye paa la gari bila kupanda kigoda, na kifungua mimba wetu yuko bweni miezi mitatu mitatu. Ingebidi kila safari nitafute vijana wawili wa kuinua. Isitoshe, na hii ndiyo sababu ya kweli, nilitaka kuunda trela.

Ekseli ilitoka kwa wauza spea wa Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo mafundi wa rika langu bado wanaiita Grogan. Ilikuwa bomba nene lililonyooka, limechomelewa habu mbili za nyuma za gari dogo, na magurudumu ya inchi 13. Ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya pesa. Mabomba ya mraba ya milimita 50 nilinunua mapya, kwa sababu bomba kuukuu huoza kutoka ndani na nje likakuchekea.

Nilipanga kuchomelea pale pale maegeshoni petu. Mpango huo uliishi jioni moja. Mashine niliyoazima ilimaliza tokeni za stima tulizotarajia zitufikishe Jumapili, taa za nyumba zikawa zinakonyeza kila nilipogusisha kijiti kwenye chuma, na kitinda mimba, mwenye miaka saba, alisimama dirishani akitazama cheche hadi nikamfukuza kwa hofu ya macho yake. Jirani wa juu alikuwa na mtoto mchanga. Asubuhi mlinzi wa lango alinisalimia kwa heshima iliyopita kiasi, nikaelewa kwamba nimeshasemwa.

Kwa hiyo kazi ya moto ilikwenda kwa fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries, nami nikabaki na kupima, kukata, kutoboa na kupaka rangi, Jumamosi mchana kati ya kufua na kwenda sokoni. Trela ya siku nne ilichukua miezi mitatu. Siandiki hivi kulalamika. Katika zile wiki za kusubiri, mara mbili niligundua kosa nikiwa kitandani ambalo ningelichomelea bila kuliona kama ningekuwa na siku nne mfululizo.

Yule fundi alinifunza mambo ambayo sikuyauliza. Nilitaka achomelee bamba kukata mkono wa trela, yaani lile bomba refu linalokwenda hadi kwenye gari, juu na chini. Akakataa. "Mzee, ukichoma hivi kukata bomba, hapo ndipo litakapovunjikia. Tunachoma kwa urefu, ubavuni." Ana haki. Mkono wa trela hupinda kidogo juu na chini kila barabara inapokuwa mbaya, na mkazo ni mkubwa kwenye uso wa juu na wa chini. Mchomo unaokatiza pale ni kama mkwaruzo kwenye kioo, ufa unapata pa kuanzia. Alitoboa pia vitundu chini ya kila bomba ili maji yasikae ndani. Jambo moja tu tulibishana. Akichomelea chuma chenye zinki hunywa pakiti ya maziwa kuondoa moshi kifuani, kama wenzake wengi. Maziwa ni mazuri, lakini hayana njia ya kufika kwenye mapafu. Kinachosaidia ni kukwangua zinki kwanza na kukaa upande unakotoka upepo. Alinisikiliza, akanywa maziwa.

Springi zilikuwa za majani manne ya chuma kila upande, za gari lililobeba mizigo mikubwa kuliko yangu. Tuliondoa majani mawili mawili. Springi ngumu chini ya mzigo mwepesi haifanyi kazi ya springi, trela hurukaruka na kila mruko hulipwa na michomo. Ekseli tulifunga kwa yubolti, boliti zenye umbo la herufi U, badala ya kuichomelea, ili iweze kusogezwa. Kutoka kichwa cha trela hadi ekseli ni mita 3 kamili. Mtumbwi hulala kifudifudi juu ya vitanda viwili vya mbao tulivyovivisha zulia kuukuu la sebuleni, ambalo kwa mujibu wa mama watoto halikuwa kuukuu.

Kabla ya kutoka nilipima uzito unaoangukia kichwani, pale trela inapokalia tufe la chuma la gari. Nilitumia mizani ya bafuni na kipande cha mbao. Trela yenyewe ilikuwa kilo 140, na mtumbwi 38, jumla 178. Mizani ilisema kilo 17. Wanaounda trela wengi hulenga kichwani kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote, na mimi nilikuwa karibu asilimia 10. Nikairudisha mizani bafuni nikijiona mhandisi.

Trela hapa Kenya husajiliwa kama chombo chake chenyewe, na nambari zake huanza na herufi Z. Yangu haikuwa nazo bado, basi tuliipeleka Kitengela juu ya kanta ya shemeji, kwenye shamba la jamaa lenye njia ndefu ya ndani. Asubuhi nilizunguka peke yangu. Saa nne familia ikafika na mizigo ya mandari, na kwa kuwa kivuli kizuri kilikuwa upande wa pili wa shamba, ilionekana ni upuuzi kubeba vitu mikononi na trela ipo. Sanduku la bati la shule, la Kamukunji, ambalo kifungua mimba alimaliza nalo kidato cha pili kabla halijabonyea, lilijazwa sufuria, sahani, jiko na nyama. Kando yake tukaweka mtungi wa maji wa lita 20. Vyote viliwekwa nyuma kabisa, kwenye wavu wa kupakia, kwa sababu nyuma ndiko kunakofikika. Mbele pua ya mtumbwi inaziba njia.

Tulipofika kivulini baada ya ule mkasa, kila mtu akiwa kimya kidogo, kitinda mimba alikwenda kunisaidia kutoa trela kwenye gari. Akarudi anatamba. "Mimi nina nguvu! Nimeinua kichwa kwa mkono mmoja!" Tulicheka, tukafurahi kwamba kimya kimevunjika, mama mkwe akampa mfupa mkubwa zaidi. Jibu la kitendawili chote lilikuwa limetamkwa mbele ya watu wazima wanne, nasi tukalipa zawadi na kuliacha lipite.

Wiki mbili zilizofuata nilitafuta kosa mahali nilipopenda liwe, yaani kwenye chuma. Nilidhani nati ya habu imelegea katikati ya mizunguko. Nikapandisha jeki, nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa, lakini bearingi hazikuwa na mchezo. Nikadhani ekseli imepinda. Nilivuta uzi kupima nafasi kati ya matairi mbele na nyuma ya ekseli, tofauti ikawa milimita 3, ambazo haziwezi kuyumbisha kitu. Nikapima upepo wa matairi. Nikampigia fundi simu kwa sauti isiyokuwa nzuri, na leo namwomba radhi. Naye, kwa uungwana, alisema nirudishe aichunguze, kisha akauliza, "Ulikuwa umebeba nini?" Nikamjibu, "Mtumbwi tu." Niliamini hivyo. Sanduku na mtungi havikuwa mzigo akilini mwangu, vilikuwa vitu vya nyumbani.

Aliyenifungua macho hajui kwamba alinifungua. Nilikuwa karibu na soko la Wakulima, Marikiti, nikisubiri mkokoteni unipishe. Hamali alikuwa amepakia magunia ya kabeji yakazidi nyuma, na mikono ya mkokoteni ikawa inapanda hewani. Mwenyewe alikuwa akining'inia, vidole vya miguu vikigusa lami kwa zamu, na mkokoteni ukiyumba kulia na kushoto kwa sababu hana uzito wa kuushikilia. Mwenzake akaja, akahamisha gunia moja kutoka nyuma kwenda mbele ya ekseli. Yule wa kwanza akatua chini, akainama, akaondoka amenyooka. Gunia moja tu. Mkokoteni wa Nairobi wenyewe ni ekseli ya gari na mbao, ndugu wa trela yangu toka nitoke.

Nilirudi nyumbani nikachukua penseli. Ekseli ni kama katikati ya pembea ya watoto. Sanduku na maji vilikuwa kilo 40, mita 1.2 nyuma ya ekseli. Kichwa kiko mita 3 mbele yake. Kilo 40 mara 1.2, gawanya kwa 3, unapata kilo 16 zinazoinua kichwa. Nilikuwa na 17. Zikabaki kilo 1. Ndiyo hiyo aliyoinua mtoto wa miaka saba kwa mkono mmoja, na kama angekuwa ameziinua zile 17 za asubuhi kwa mkono huo, ningekuwa na habari nyingine ya kuandika.

Trela isiyoegemea gari haina kinachoirudisha katikati. Uzito ulio nyuma ya ekseli, ukisukumwa kando na shimo au upepo, unaendelea kwenda, unaizungusha trela kwenye magurudumu yake, gari linavutwa, linaivuta nayo, na mchezo umeanza. Kasi ndiyo inayoamua kama mchezo utakufa au utakua. Chini ya kilomita 40 ile trela mbovu ingekwenda bila kunionyesha kitu, na pengine ningeyagundua haya barabara kuu, lori likiwa nyuma yangu.

Kwa hiyo kazi ya chuma haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi ya kwanza kabisa, pale nilipoandika "mzigo: mtumbwi, kilo 38". Niliunda trela ya mtu mmoja anayekwenda ziwani na mtumbwi wake. Mtu huyo hayupo nyumbani kwetu. Nyumbani kwetu kuna watu watano, jiko, maji, na sufuria ya pilau ambayo haiachwi nyuma hata kwa safari ya saa mbili.

Kusogeza ekseli nyuma kulinivutia kwanza, kwani yubolti zilikuwepo. Lakini ekseli ikienda nyuma kiasi cha kubeba sanduku lile, siku isiyo na sanduku kichwa kinakuwa kizito kupita kiasi na gari dogo linachuchumaa. Rahisi zaidi ilikuwa kulihamisha sanduku. Fundi alichomelea fremu ya chuma chembamba, yenye wavu chini, sentimita 60 mbele ya ekseli, chini ya tumbo la mtumbwi, na mlango wake unafunguka ubavuni ili mama watoto asilazimike kutambaa. Hesabu ikageuka. Kilo 40 mara 0.6, gawanya kwa 3, ni kilo 8 za kuongeza. Kichwani 25, kwa jumla ya kilo 218, yaani asilimia 11 na kitu. Nilipima kwa mizani ya bafuni, ikasoma 25. Nyuma tulikata kabisa ule wavu wa kupakia. Nafasi ikiwepo itapakiwa, na maandishi ya onyo hayazuii kitu mbele ya kapu la vitunguu.

Mengine yalikuwa madogo. Taa za nyuma ziliwaka ovyo kila nilipowasha indiketa, kwa sababu fundi wa waya alitegemea erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ipite kwenye tufe la chuma, ambalo nilikuwa nimelipaka grisi. Waya wake wa erthi peke yake ulimaliza hayo. Minyororo ya usalama miwili inapita kwa kupishana chini ya kichwa, ili kichwa kikichomoka kidondokee juu yake badala ya lami. Kitambaa chekundu kwenye ncha ya mtumbwi. Moja sijaliweza. Mtumbwi ukiwa juu, pua yake iko karibu sana na gari na mlango wa nyuma hauwezi kufunguka wote. Nililiwaza hilo wakati wa kupima? Hapana. Mama watoto ananikumbusha kila safari, kwa zamu na lile zulia.

Nambari zilipopatikana tulikwenda Naivasha. Tulishika Southern Bypass, kisha barabara ya juu ya Limuru na Kinungi, si ile ya bondeni ya Mai Mahiu, kwa sababu sikutaka kujaribu uzito mpya kwenye mteremko wenye malori mengi kiasi kile. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa ilinyooka. Tuliingia majini asubuhi na kutoka kabla ya adhuhuri, mbali na mafunjo wanakojificha viboko. Jina la ziwa limetokana na neno la Kimaasai la maji yanayochafuka, na mchana upepo ukianza utaelewa ni kwa nini.

Jaribio lenyewe, hata hivyo, lilikuja wakati wa kurudi. Mama mkwe alitaka tusimame Soko Mjinga. Hakuna familia ya Nairobi inayopita pale bila kusimama, na hilo nalo halikuwa kwenye karatasi yangu. Alinunua gunia la viazi la kilo 50, akalisimamisha kando ya barabara, akaniuliza, "Haya, fundi, hili linakaa wapi?" Mlango wa nyuma wa gari haufunguki wote. Sandukuni hamna nafasi. Nilianza kusema tungeliweka nyuma kidogo, polepole, ni kilomita chache tu.

"Juu ya ekseli, Baba," alisema kifungua mimba, aliyekuwa ameshapiga magoti anachungulia chini ya mtumbwi. "Hapo kichwa hakijui kama lipo."

Tukalisukuma pale, tukalifunga kwa mikanda miwili. Kitinda mimba akaomba ajaribu kuinua kichwa. Alivuta kwa mikono yote miwili hadi uso ukawa mwekundu, hakikuondoka, akakasirika akarudi garini.